Nilipokwenda Kusini Kumtafuta Lukasi

Wenzangu wa kijiwe cha kahawa, mmenichosha. Tangu nirudi mnaniuliza ya Kusini, na kila nikianza kusimulia anatokea mtu na habari za mpira, nabaki na maneno yangu mdomoni. Nimeamua kuyaandika. Asiyetaka kusoma aendelee na mpira wake.

Mnanijua kwa jina la jukwaani, Makopa. Jina langu la nyumbani ni Kosmasi, mwana wa Lukasi, na huyo Lukasi ndiye sababu ya safari yote. Mchezo wetu wa Tulibeba mmeuona mara nyingi, wengine kwa kuchungulia dirishani. Mimi na Sikudhani peke yetu jukwaani, yeye na ngoma yake, mimi na mashairi na vichekesho, tunawacheza watu weusi waliobeba. Wapagazi waliobeba pembe za ndovu. Vibarua wa mkonge. Wale waliong'oa visiki kwa ajili ya shamba la karanga la Waingereza kule Nachingwea, karanga zenyewe zikagoma kuota. Mwisho wanakuja wapigania uhuru, na hapo ndipo ninapomcheza baba yangu, Mmakonde wa Msumbiji, bunduki begani, sauti ya radi.

Ukweli ni kwamba baba simjui. Alikufa Nachingwea nikiwa mdogo, mama akanibeba akarudi kwao Uluguru, na mama hakuwa mtu wa maneno. Nikimuuliza baba alikuwaje, alinijibu, "Alikuwa mtu." Picha hatukuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu moja tu. Baba anatembea uwanjani, amevaa shati la kaki lenye mfuko uliochanika, mkono mmoja kiunoni. Watu wengi wanacheka. Mimi namkimbilia, namkumbatia miguu. Basi. Kutokana na hicho kipande nimemjenga mtu mzima na kumpeleka jukwaani, na watu wamempigia makofi, nami kila wakipiga makofi najiuliza wanampigia nani.

Kwa hiyo walimu fulani wa Ruangwa walipotualika kwenye jioni yao ya maigizo, mashairi na vichekesho juu ya historia yetu watu weusi, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Mama ameshakufa. Kama kuna mtu duniani wa kuniambia iwapo nampatia baba au nadanganya watu, yuko huko.

Morogoro hadi Nangurukuru

Mpaka Mbagala hapakuwa na la kusimulia. Basi la Nachingwea lilikuwa na kiyoyozi kilichoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, ndani hakikuwepo. Sikudhani aliipakata ngoma yake akakataa katakata isiwekwe kwenye buti. Kondakta akamwambia ngoma ni mzigo. Sikudhani akamjibu kuwa mzigo ni yeye. Wakaelewana.

Tulipoipita Kibiti, rejeta ilianza kuchemka. Dereva akasema dakika kumi, na dakika kumi za dereva mnazijua. Tukashuka, tukakaa pembeni mwa barabara, wengine wakatandika kanga wakalala kabisa. Abiria mmoja akauliza ile ngoma ni ya nini. Sikudhani hakujibu kwa mdomo, akaipiga, nami nikajikuta natoa ubeti wetu wa kufungulia:

Tulibeba pembe zetu, ng'ambo kwao zikafika,
Jua lilikuwa letu, kivuli wakakishika,
Wakatuita si watu, na huku wanatutaka,
Leo nasema ni mtu, mweusi nisiyechoka.

Watu walisikiliza vizuri. Mama mmoja mwenye tenga la kuku akaniambia, "Umesema vizuri baba, ila unasema kama Mluguru." Nikamwambia mimi Mmakonde. Akaguna, akarudi kwa kuku wake. Mguno ule uliniingia, maana Kimakonde ninachokijua hakijazi kiganja.

Nangurukuru tulifika na njaa ya kukosana. Nikaagiza wali na samaki, na mezani akakaa abiria mwenzetu, mfanyabiashara wa ufuta anayeitwa Bakari, mtu mnene mwenye kofia ya mkeka. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Ruangwa, ila kwetu ni Nachingwea. Akauliza kabila. Nikasema Mmakonde, na nikakaa wima kabisa nilipokuwa nalisema.

Bakari akanyoosha mkono, akachukua kipande changu kikubwa cha samaki, akala.

Nilisimama. Nilimuuliza kwao hawakumfundisha adabu? Watu wa meza za jirani wakageuka. Bakari aliendelea kutafuna, akatoa mwiba, kisha akamwuliza Sikudhani, "Dada, huyu Mmakonde mmemwokota wapi? Mmakonde gani anamkasirikia Mmwera kwa samaki?"

Utani naujua, nani asiyeujua. Lakini huku kwetu mjini utani umebaki mdomoni, watu wanataniana timu na kabila basi. Huu wa Bakari ulikuwa na mkono. Akanieleza, sasa kwa upole, kwamba Wamwera na Wamakonde ni watani wa tangu mababu, kwamba mtani hachukui chako, anachukua chake kilichokuwa kwako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. "Furaha si kitu," akasema. "Mtani utamjua kwenye msiba. Ndugu wote wanalia, yeye ndiye mwenye kazi."

Nilikaa nikala wali mkavu. Sikudhani alicheka mpaka Lindi.

Nachingwea na Mnero

Nachingwea tuliingia jua limeshapoa, mji wote unanuka salfa, maana ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho. Watu wa kule hata hawaisikii. Mimi nilikohoa usiku kucha, na asubuhi mama mwenye nyumba ya wageni akanitibu kwa sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini wanayoichemsha na chumvi. Mnayonisikia nikiisifia kila siku ndiyo hiyo. Haina ladha ya kujitangaza. Unakula, unasema hii si kitu, kisha unagundua sahani imekwisha.

Nilianza kuuliza. Nilimuulizia Lukasi mpiganaji, Mmakonde wa Mueda kule Msumbiji, aliyekuwa kwenye kambi ya wapigania uhuru wa huko. Kambi kila mtu anaijua. Lukasi mpiganaji hakuna aliyemjua. Kijana wa bodaboda aliniuliza kwa nia njema kabisa, "Mzee baba, huyo mtu yuko Facebook?" Nikamwambia alikufa kabla wewe na Facebook hamjazaliwa. Akasema, "Basi hapo noma."

Huyohuyo akatupeleka Mnero, kwa kuwa mama alikuwa mhudumu wa zahanati pale, na nilijua baba alizikwa karibu na kanisa. Tulimkuta katekista, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, anafagia majani. Nikamweleza. Hakuuliza maswali mengi. Akatuongoza hadi nyuma ya makaburi yenye saruji, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri lakini hapakuwa na kitu kimesimama.

"Wa Msumbiji ni upande huu," akasema. "Waliwekewa misalaba ya mbao. Mchwa wamekula."

"Na majina?"

"Yalikuwa kwenye mbao."

Nilisimama pale nikitazama nyasi. Ardhi ilikuwa na vijituta vidogo vidogo, baadhi hata huna hakika kama ni kaburi au ni kazi ya fuko. Nilikuwa nimebeba mshumaa kutoka Morogoro, sikujua niuwashe wapi. Nikawaza, huyu niliyempa sauti ya radi mbele ya watu, hata mahali pa kusimama nikamwambia shikamoo sipajui. Nilimtamani baba siku ile kuliko nilivyowahi kumtamani utotoni, na mimi sasa nina wajukuu. Mwishowe Sikudhani aliuchukua ule mshumaa mkononi mwangu, akauchomeka katikati, akasema watagawana.

Ruangwa

Jioni yenyewe ilifanyika kwenye uwanja wa shule. Mwalimu Hamisi, aliyetualika, alikuwa amefunga vitambaa kwenye nguzo na kutandika mikeka mbele kwa ajili ya wazee. Ilitakiwa tuanze mchana. Mgeni rasmi alikuwa njiani, kisha akawa njiani bado, kisha Mwalimu Hamisi akaacha kupokea simu akasema tuanze, mgeni rasmi atatukuta kwenye historia ya karibu.

Na mambo yalikuwa mazuri, nisiwafiche. Watoto walitoa ngonjera. Binti mmoja wa sekondari alisoma shairi juu ya nywele zake, jinsi kila mtu anavyomshauri azilaze, na yeye anawajibu kwa kuzichana ziende juu zaidi. Mama yake alikuwa nyuma yetu anaiga kila neno kwa midomo. Kijana mchekeshaji wa Nachingwea akasimulia habari za dada yake aliyejichubua kwa mkorogo, akarudi nyumbani mweupe, mbwa wa kwao akambwekea mpaka akalala kwa jirani. Watu walijishika mbavu. Nikamwambia Sikudhani, hapa tuna kazi.

Tukapanda. Wapagazi wakapita, mkonge ukapita, kwenye karanga wazee wa mikekani wakaanza kuongezea mambo wao wenyewe. Ikafika zamu ya baba. Nikavaa lile koti la kijeshi, nikaweka bunduki ya mti begani, nikatoa kifua, nikanguruma:

"Mimi ndimi Lukasi! Mmakonde wa Mueda, niliyelala katika ardhi ya Mnero!"

Kikasikika kicheko. Kimoja tu, chembamba, kinatoka kwenye mkeka wa mbele. Bibi mmoja mwembamba mwenye fimbo alikuwa anasimama kwa shida, huku anacheka.

"Lukasi yupi huyo?" akauliza.

Mimi ni mchekeshaji, watu wanaoropoka nimewazoea. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, "Bibi, mkeka wako unakuita." Kwetu hapo watu wangecheka. Pale hakucheka mtu. Vijana wawili wa ulinzi wakamsogelea bibi kutaka kumkalisha, na mzee mmoja akasema bila kupaza sauti, "Mwacheni. Huyo ni mtani wa Lukasi."

Vijana wakarudi nyuma palepale. Bibi akapanda jukwaani kwa kusaidiwa na Sikudhani, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Vua," akasema.

Nikavua koti. Akalivaa yeye, likamfika magotini. Akanipokonya bunduki, akaigeuza, kitako kikawa chini na mtutu juu, na mkono mwingine akauweka kiunoni. Akaanza kukoroga. Bunduki ikawa mwiko. Mbele yake palikuwa na pipa zima la uji ambalo halikuwepo na sote tukaliona.

"Lukasi alikuwa mpishi," akawaambia watu. "Huyu anamshikisha bunduki. Hao wapiganaji wenu walikula nini, risasi?"

Hapo uwanja ulilipuka. Naye hakungoja watulie. Alikoroga, akaonja, akakunja uso, akamlaumu aliyeleta chumvi. Kisha akaanza kusimulia kisa cha nguruwe aliyeingia kambini, na kabla hajafika mwisho akacheka, akashindwa kuendelea, akapangusa macho, akaanza upya, akacheka tena kabla ya mwisho. Wazee wa mikekani wakaanza kupiga makelele, "Maliza basi Lukasi!" Walikuwa wanamwambia Lukasi. Mzee mmoja alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, hayafuti.

Sikudhani akaninong'oneza, "Makopa, kicheko hicho ni chako." Mnajua jinsi wanavyonisema, kwamba nauharibu mzaha kwa kuucheka kabla haujaiva. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni mwa jukwaa langu mwenyewe, bila koti, bila bunduki, nautazama ule mkono kiunoni. Ndiye. Ndiye yule wa kumbukumbu yangu, mkono ule, mwendo ule. Nilifurahi jinsi ambavyo siwezi kuwaeleza. Kumbe kile kipande kimoja nilichokuwa nacho kilikuwa kweli.

Mpaka napata pumzi ya kumtafuta, bibi alikuwa ameshapakiwa kwenye bodaboda. Wakaniambia anaitwa Bibi Zaituni, alikuwa akikaa jirani na zahanati ya Mnero, na mumewe alipofariki akarudi kwa ndugu zake Likunja.

Likunja

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Nilinunua kanga na sukari, nikavaa shati safi, nikaingia kwake nusu nimeinama.

"Shikamoo Bibi."

"Umekuja kuposa?"

Nikasema hapana, Bibi, mimi ni Kosmasi, mwana wa Lukasi, nimekuja kushukuru. Akaipokea kanga kwa ncha za vidole. Mjukuu wake Rehema, mama wa makamo anayeishi naye, akatuletea ugali na kisamvu. Bibi akaniambia nile polepole, Wamakonde wanajulikana kumaliza mboga za watu. Nikasema samahani Bibi. Akaniambia nina kichwa kama kibuyu cha mbegu. Nikasema ndiyo Bibi. Kila nilipoonyesha adabu uso wake ulizidi kufunga, mwisho akanigeuzia mgongo kabisa, akawa anazungumza na kuku.

Rehema akanifuata niliponawa mikono. "Baba, mjibu," akasema. "Toka watani wake wafe hana wa kugombana naye. Na wewe umekuja unampa shikamoo. Unamuumiza."

Mimi mtu wa vichekesho, nakiri niliutafuta mzaha kama mwanafunzi. Nikarudi nikakaa. Nikasema, "Bibi Zaituni, nimekula hiki kisamvu. Sasa nimeelewa kwa nini mumeo alitangulia."

Aligeuka polepole, nikadhani nimekwisha. Kisha alicheka mpaka akakohoa, Rehema akaleta maji. "Haya," akasema, akipangusa mdomo kwa kanga yangu mpya. "Sasa umefika. Uliza."

Nikauliza yote. Akanieleza kwamba baba alikuwa mfupi. Kwamba alipika uji wa watu wengi na kila siku aliomba radhi kwa uji huo. Kwamba alimpata mama kwa kwenda zahanati na vidole vilivyoungua, na baadaye na vidole ambavyo havikuungua. Kifua ndicho kilichomuua. Nilikuwa nakunywa maneno. Nami nikataka kumpa changu, ili aone kwamba sikuja mikono mitupu. Nikamsimulia kumbukumbu yangu: uwanja, watu wanacheka, shati la kaki, mfuko uliochanika, mkono kiunoni, mimi namkimbilia.

Bibi Zaituni hakucheka.

"Mfuko ulikuwa umechanika?" akauliza.

"Ndiyo. Unaning'inia."

"Huo mfuko niliuchana mimi," akasema. "Nilikuwa navaa haraka nyuma ya nyumba. Shati la Lukasi lilikuwa linanibana kifuani, nikalivuta." Akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Lukasi tulikuwa tumeshamzika, mwanangu. Yale yalikuwa matanga yake. Huyo nilikuwa mimi."

Akanieleza, maana aliona sielewi. Mtu akifa, mtani wake huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake, husema maneno yake mbele ya wafiwa, mpaka wacheke. Ndiyo kazi ile aliyoisema Bakari. Yeye ndiye aliyekuwa mtani wa Lukasi, akaifanya, watu wakacheka vizuri. Kisha mtoto akachomoka kwenye mikono ya mama yake.

"Ulinikumbatia miguu ukaniita baba. Wote wakaacha kucheka. Mimi nimecheza misiba mingi, hilo halijawahi kunikuta. Kukwambia mimi si baba, niliona vigumu. Nikakubeba. Nikaendelea kuwa yeye mpaka ukalala."

Nilitoka nje. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichanja cha mihogo inayokauka, nikakaa chini yake kama mtu anayekimbia mvua. Sikuwahi kuwa na baba zaidi ya ile dakika moja, nayo nikaambiwa ni mwanamke wa Kimwera aliyekuwa kazini. Nililia. Sina haja ya kuwaficha, mmeniona nikilia kwa mambo madogo kuliko hilo. Nilikuwa namkasirikia Bibi, na huku najua kwamba asingekuwa yeye nisingekuwa hata na hicho cha kupoteza.

Alinifuata, fimbo inagonga chini. Hakunibembeleza. Alisimama akigeuzageuza mihogo.

"Shati lilikuwa lake," akasema. "Mwendo ulikuwa wake. Miguu tu ndiyo ilikuwa yangu."

Nikaokota kipande cha muhogo kilichoanguka, nikakirudisha kichanjani.

"Na kuna hili, halina mkono wangu. Nililiona kwa macho, niko uani kwangu. Jioni alikuwa anakupandisha shingoni anakuuliza, Kosmasi, unaiona Mueda? Na wewe unasema naiona. Anakuuliza kuna nini? Unasema kuna bibi, kuna mbuzi. Hapo baba yako anacheka, kisha anakaa kimya mpaka giza liingie. Alikuwa anapatamani kwao, Lukasi. Hakuwahi kusema. Alikuwa anakutuma wewe utazame."

Sijui kama mnaelewa hilo lilinifanya nini. Kwenye mchezo wangu nilimpa baba hotuba ndefu juu ya nchi aliyoiacha, yenye vina vya kati na vya mwisho. Na mwenyewe alimbeba mtoto shingoni, akamwuliza kuna nini.

Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuaga. Bibi akanishika mkono wa shati.

"Unakwenda wapi? Hujanitazama."

"Nimekutazama tangu asubuhi, Bibi."

"Umemtazama Lukasi. Mimi hujanitazama." Akaniachia, akajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu. "Wamakonde wangu wote wamekwisha. Wengine walirudi kwao, wengine niliwacheza mwenyewe. Siku nikifa, nani atanivalia? Rehema atalia, imamu atasoma, halafu nizikwe kimya kama mtu asiye na mtani? Mwana wa Lukasi yupo, kazi yake ni kuchekesha, na anakuja kwangu kunisalimia shikamoo."

Basi mchana wote ule nilijifunza. Alitembea uani, nami nyuma yake. Nilijifunza anavyoitupa fimbo mbele halafu anaifuata kana kwamba imemkosea. Anavyokohoa kidogo kabla ya kusema uongo. Anavyomwita Rehema mara tatu, na Rehema akija anasahau alimwitia nini, kisha anamlaumu kwa kuchelewa. Alinisahihisha kila hatua, mkali kuliko mwongozaji yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Majirani walijaa. Niliposema neno moja kwa sauti yake, watoto walikimbia huku wanacheka. Yeye alitikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Hujaniudhi."

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama zilivyo njia za kurudi. Basi halikuharibika. Sikudhani alilala, nami nikaitazama mikorosho mpaka ikaisha.

Mmeshaona nimeubadilisha mchezo. Bunduki imeondoka, mwiko umeingia, na baba sasa ana sauti yake ndogo na kisa chake cha nguruwe kisicho na mwisho. Mnauliza mbona shujaa kapungua. Hajapungua. Wapigania uhuru walikula, na aliyewapikia ana jina, na sina aibu tena ya kucheka kabla ya mzaha kuiva. Mnaponikuta uani natembea na fimbo najisemea peke yangu, mjue pia sijaugua.

Kila Ijumaa napiga simu Likunja. Rehema anapokea, nasikia akiitwa mara tatu huku simu iko mkononi mwake, kisha Bibi anakuja na swali lake lilelile: "Umeshanijua?"

Namwambia bado, Bibi, mwendo haujakaa. Ananiita Mmakonde kichwa kigumu. Ananiambia nijitahidi, yeye si jiwe. Namjibu kwa tusi, anacheka, tunaagana.

Namdanganya. Mwendo ule niliupata siku ileile, na sauti, na kikohozi. Ningeweza kumcheza kesho mbele ya ukoo wake mzima wakaanguka chini kwa kicheko. Lakini duniani amebaki mtu mmoja tu niliyewahi kumwita baba, na naogopa kwamba siku nikimwambia nimeiva, atajiona amepewa ruhusa ya kwenda.